Uzi: Droni iliupiga picha ufa wa daraja mwaka 2019, mtu akauona 2021. Tuongee ukaguzi kwa droni na roboti

Mpima Nyufa (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kuna kijana kanifuata pembeni: "Kaka, nimenunua droni, vibali ninavyo, nataka niwe mtaalamu wa kukagua madaraja. Nianzie wapi?" Nilitaka kumjibu mistari miwili, nikajikuta nimeandika mpaka simu ikapata moto. Nikaona niimwage hapa, wengine wafaidike na wanaojua zaidi wanikosoe. Mimi si injinia wa madaraja. Nilianza kama fundi wa kupima unene wa vyuma kwa mawimbi ya sauti, mabomba na matangi, na droni nimeingia nazo mwaka wa saba sasa.

Kwanza kisa cha Memphis, maana kijana akikielewa hicho atakuwa ameokoa miaka miwili ya kuhangaika.

Kuna daraja linaitwa Hernando de Soto, linavuka mto Mississippi kati ya Memphis, jimbo la Tennessee, na West Memphis, jimbo la Arkansas. Lilifunguliwa 1973. Lina matao mawili ya chuma yaliyokaa kama herufi M. Sasa tao, kwa asiyejua, ni sawa na upinde: mzigo ukikaa juu, miguu inataka kutanuka. Kinachoizuia isitanuke ni boriti ndefu ya chuma inayolala chini, na hiyo ndiyo kamba ya upinde. Kamba ikikatika unajua kitakachofuata.

Tarehe 11 Mei 2021 wakaguzi walikuwa juu ya daraja hilo kwa ukaguzi wa kawaida. Mmoja akatazama boriti ile, akaona imepasuka. Usifikirie ufa wa nywele. Chuma kilikuwa kimeachiana, pengo linaonekana ukiwa mbali. Wakapiga simu ya dharura hapohapo wakitaka magari yazuiwe pande zote mbili. Daraja linalopitisha magari kama 40,000 kwa siku likafungwa, na matishari ya mizigo mtoni yakasimamishwa kwa siku kadhaa. Lilikuja kufunguliwa kikamilifu mwanzoni mwa Agosti.

Halafu ndipo aibu ikatoka. Watu walipopekua kumbukumbu wakakuta video ya droni ya Mei 2019, na ufa umo, upo wazi. Miaka miwili ulikuwa umekaa kwenye faili. Baadaye ikapatikana na picha ya mwaka 2016 iliyopigwa na mtu aliyekuwa anapiga kasia zake mtoni, na penyewe dalili zipo. Katikati ya hapo daraja lilikaguliwa kila mwaka na mtu wa serikali ya jimbo, akapita na kusaini. Huyo alifukuzwa kazi.

Sasa kijana wangu: droni ile haikuwa na kosa lolote. Iliruka, ilirekodi, ilirudi salama, betri zikachajiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa mbele ya skrini akijua kwamba kwenye daraja la aina hii kipande cha kwanza kukitolea macho ni kamba ya upinde. Huyo ndiye mtaalamu. Aliyeshika rimoti ni rubani. Ukiweza kuwa wote wawili utakula vizuri, ila usivichanganye.

Msidhani nawacheka Wamarekani. Yangu haya hapa.

Juzijuzi nilipata kazi ya kukagua tangi la maji la zege, limekaa juu ya kilima, urefu kama ghorofa tatu. Mkoa na mteja siwataji. Nimerusha siku mbili, nimerudi na picha 1,400 na modeli ya pande tatu inayozunguka kwenye kompyuta kama keki ya harusi. Mteja kafurahi, kaita na mabosi waje kuangalia. Wakati nafunga mabegi, mlinzi wa pale, mzee mtaratibu, akaniuliza, "Na ile chumvi umeiona?" Chumvi gani mzee? Akanizungusha nyuma, upande usiopigwa jua. Usawa wa kifua palikuwa na mchirizi mweupe, upana wa vidole viwili, umekauka kama uji uliomwagika ukutani. Akaukwangua kwa ufunguo, ukatoka unga. "Mwaka jana uliishia hapa," akaweka kiganja, kama shubiri moja juu ya ulipofika.

Ile si chumvi, ni chokaa. Maji yanapenya ndani ya zege, yanayeyusha chokaa, yanatoka nayo nje, yanakauka. Na njia hiyohiyo ndani yake kuna nondo. Usiku nikafungua picha zangu. Mchirizi umo kwenye picha 9. Nimezipiga kwa mkono wangu! Nilikuwa natafuta nyufa, macho yakaupita nikiuona kama rangi iliyochuruzika. Ripoti niliiandika upya na nikamtaja mzee. Mteja alitaka nimtoe, eti si mtaalamu. Nikamwambia basi na mimi nitoe.

Naendelea chini, ngoja nile.

Kamanda Kipara

Siti ya mbele. Mleta uzi kale haraka, ubwabwa unaweza kusubiri.

Injinia Baraza

Uzi mzuri mkuu, ila mfano wako una tundu. Memphis ni 2019. Leo kuna programu za akili mnemba zinazopitia picha zote zenyewe na kuweka alama kwenye kila ufa. Ile video ingepitishwa huko, ufa ungekamatwa dakika ileile. Kwa hiyo tatizo unalolisema limeshakufa, au liko mahututi. Tusiwatishe vijana.

Mpima Nyufa

Injinia, nimekula, narudi na majibu mawili.

La kwanza, hizo programu ninazo na nazitumia kila wiki. Zina msaada mkubwa. Lakini kazi moja ya ukuta wa zege iliniletea alama zaidi ya 300 za "ufa". Nilikaa nazo mchana kutwa. Utando wa buibui, kivuli cha waya, mistari iliyoachwa na mbao za kumiminia zege, mchirizi wa kinyesi cha ndege. Nyufa zenyewe za kweli zilikuwa 11. Na ile iliyokuwa ya hatari, iliyokatiza kwenye kona ambapo boriti inakalia nguzo, programu iliipa alama ndogo sawa na zile za plasta. Kwa kompyuta ufa ni umbo la mstari mweusi. Haijui mzigo unapita wapi.

Halafu kuna hesabu ambayo wauzaji wa droni hawaipendi. Chukua kamera ya kawaida ya droni za kazi, pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 5,280 kwa upana, lenzi pana. Ukisimama mita 10 kutoka ukutani, picha moja inabeba upana wa mita 14 hivi. Gawanya: kila pikseli inakaa milimita 2.7. Sasa kwenye zege lenye nondo, ufa wa milimita 0.3 ndio watu wanaanza kuuliza maswali. Ufa huo ni sehemu ya tisa ya pikseli moja. Haupo kwenye picha. Akili mnemba itaona nini? Ukisogea mita 3, pikseli inakuwa kama milimita 0.8, bado. Lazima uwe na lenzi ya kuvuta au usogee karibu na mita moja. Ukiwa mita moja na boriti ya chuma, upepo unavuma chini ya daraja, ndipo utajua kama umejifunza kurusha au ulikuwa unachezea shambani. Kwa hiyo mtu akikuambia amekagua daraja zima kwa picha za nusu saa, muulize alisimama mbali kiasi gani. Swali hilo moja linatosha kumtoa jasho.

La pili ni zito zaidi. Kuna ugonjwa usioonekana kabisa nje. Silver Bridge, mto Ohio, tarehe 15 Desemba 1967, watu 46 walikufa. Daraja lilikuwa la 1928, limening'inizwa kwa minyororo ya vyuma vyenye matundu mwisho, kila kiungo fito mbili tu. Fito moja ilikuwa na ufa wa kina cha milimita 2.5, umejificha ndani ya tundu linalokaliwa na pini. Huwezi kuuona bila kukifungua kiungo, na ukikifungua daraja linakaa chini. Baada ya msiba huo ndipo Marekani wakaweka kanuni za kitaifa za kukagua madaraja, mwaka 1971.

Genoa, Italia nako, tarehe 14 Agosti 2018, watu 43. Daraja la Morandi nyaya zake za chuma zilivikwa zege. Mbuni alitaka kuzikinga na kutu, ikawa ni kuzificha zisionekane. Ungepeleka droni 50 pale, zingekuletea picha safi za zege.

Hapo ndipo unahitaji mawimbi ya sauti, rada ya kuchungulia ndani ya zege, sumaku. Yaani kifaa kinachogusa. Na roboti inayogusa ni ngumu mara kumi kuliko droni inayotazama.

Injinia Baraza

Hesabu ya pikseli nakubali, nilikuwa sijaipiga hivyo. La Genoa nalijua. Lakini daraja jipya pale wamefunga roboti, kwa hiyo dunia inakwenda huko utake usitake.

Mpima Nyufa

Kweli kabisa, na sijapinga. Daraja la San Giorgio, michoro ya Renzo Piano, lilifunguliwa Agosti 2020, na roboti zake zimebuniwa na taasisi ya teknolojia ya Italia, IIT, pale pale Genoa. Zinatembea kwenye reli pembeni mwa daraja, zinapiga picha chini ya sitaha, yaani sakafu ya daraja, kila sehemu, kwa umbali uleule, kila mara. Hicho "umbali uleule kila mara" ndicho kitamu. Droni yangu mimi leo iko mita 3, kesho upepo unaisukuma mita 5, nitalinganishaje ufa wa mwaka huu na wa mwaka jana? Yule mzee wa tangi alikuwa na kiganja chake, kipimo hakibadiliki.

Wa Maskati

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, kazi yangu matangi ya mafuta na maboila. Nawasoma toka juzi kimyakimya, leo nimeshindwa kuzuia vidole.

Nyie mnazungumza madaraja, njooni ndani ya tangi. Zamani ukitaka kukagua paa la tangi kwa ndani: unalimwaga, unalipigisha hewa, unapima gesi, unajenga jukwaa la mabomba mpaka juu, kisha ndo mtu anapanda na tochi. Jukwaa peke yake siku nyingi, na kila siku tangi limekaa tupu ni hasara. Siku hizi inaingia droni iliyofungiwa ndani ya kizimba cha duara, mfano wa tenga la kuku. Inagonga ukuta, inadunda, inaendelea. Mie niko nje kwenye tundu la kuingilia na skrini yangu, nakunywa kahawa.

Lakini mtu asikudanganyeni kuwa gesi haipimwi tena. Inapimwa vilevile. Droni ina mota na betri, cheche moja tu ndani ya mvuke wa mafuta, tutasomeana Yasini.

Na vumbi! Ndani ya boila mabawa yanafukuza masizi, dakika mbili huoni kitu, skrini yote theluji. Hilo halimo kwenye matangazo yao.

Mpima Nyufa

Wa alaykum salaam shekhe. Tenga la kuku umelipatia. Waliobuni ile ni Waswisi wawili, Adrien Briod na Patrick Thévoz, kutoka chuo cha EPFL pale Lausanne. Kampuni yao Flyability ni ya 2014. Wazo liliwaingia baada ya Fukushima, 2011, wakaona roboti zinavyopata taabu kuingia kwenye jengo lililobomoka. Na hapo jirani yenu Dubai ndipo walipopata jina: mwaka 2015 walichukua zawadi ya dola milioni moja kwenye shindano la droni la Falme za Kiarabu.

Ninachokipenda kwao ni jinsi walivyofikiri. Wenzao wote walikuwa wanahangaika droni isigonge kitu. Wao wakamtazama mdudu. Nzi anagonga kioo mara ishirini na haanguki. Wakasema basi na igonge.

Binti Laini

Mimi niko Nairobi, nafanya na laini za umeme mkubwa. Naomba niongeze upande wetu kwa sababu naona kila mtu ni madaraja.

Mnakumbuka Januari 11, 2022, Kenya nzima karibu ilizima? Nguzo za laini ya Kiambere kwenda Embakasi zilianguka pale Imara Daima, na ikasemekana wazi kwamba vyuma viliibwa miguuni. Nguzo ya chuma ni kama kitanda cha vyuma, ukitoa fito moja inasimama, mbili inasimama, mwizi anakuja kila usiku na spana yake, siku moja upepo unamaliza kazi. Kitu kama hicho droni inakiona bila shida yoyote, hata ya bei ndogo. Fito ipo au haipo. Hapa sihitaji pikseli za Mpima Nyufa.

Kitu kingine ni kamera ya joto. Kiungo cha waya kikilegea kinapata moto, kwenye skrini kinang'aa kama jiko. Lakini nilipoanza nilikuwa napiga adhuhuri, jua la Suswa, kila kitu kinang'aa: waya, chuma, vikombe vya kuzuia umeme, hata mawe. Nikaandika viungo vibovu karibu kila nguzo. Msimamizi wangu akaniuliza, "Wewe umekagua laini ama umekagua jua?" Sasa naenda alfajiri, na kwanza nauliza laini imebeba mzigo kiasi gani saa hiyo. Kama umeme hautembei wa kutosha, kiungo kibovu kinalala baridi na wewe utasema ni kizima.

Kamanda Kipara

"Umekagua laini ama umekagua jua" 😂 naiweka kwenye sahihi yangu.

Mpima Nyufa

Dada asante sana, hilo la mzigo wa umeme vijana wengi hawalijui, hata mimi nilijifunza kwa kuumbuka.

Kwa laini kuna watu wanaitwa Hydro-Québec, Kanada. Taasisi yao ya utafiti ilitengeneza roboti LineScout inayotembea juu ya waya wenyewe, umeme ukiwa unapita, mpaka kilovolti 735. Ikifika kwenye kizuizi inatoa mikono ya pili, inashika mbele, inavusha mwili, inaendelea. Kama tumbili na begi. Tafuteni video zake. Wanaoshughulika nayo wamekaa na waya miaka mingi kabla dunia haijaanza kusema droni, na ndiyo maana roboti yao inajua kizuizi cha waya kinafananaje.

Chipukizi wa Kyela

Shikamoo wakuu. Mimi ndiye yule kijana wa pembeni, nimeona bora nijitokeze. Nimesoma yote. Kinachonichanganya ni neno "inajiendesha" ninalolisikia kila zinapotajwa droni na roboti. Droni yangu nikibonyeza inarudi nyumbani yenyewe. Hiyo si inajiendesha? Na hao wataalamu wa kujiendesha hasa ni akina nani, wanasoma nini?

Mpima Nyufa

Marahaba. Swali zuri, na jibu lake linaanzia chini ya daraja.

Droni yako inarudi nyumbani kwa sababu inasikia setilaiti za GPS. Ipeleke chini ya sitaha ya zege: setilaiti hazisikiki. Dira nayo inachanganywa na chuma. Hapo inakuwa kama mlevi, inaelea na upepo, na wewe kidole kinatetemeka. Mimi mbili zangu ziko chini ya mto, nyie hesabuni hasara.

Kujiendesha kwa kweli ni kujua uko wapi bila kuambiwa. Fikiria umeme umekatika, uko kwenye nyumba ngeni usiku, unapapasa ukuta. Kila unachogusa unakichora kichwani: hapa kabati, hapa mlango. Lakini ili uchore kabati mahali pake lazima ujue umesimama wapi, na ili ujue umesimama wapi lazima uwe na mchoro. Yai na kuku. Unavifanya vyote kwa pamoja, na kila hatua kosa dogo linajilimbikiza, mpaka uguse tena mlango uleule wa mwanzo ndipo unasema aa, kumbe nilipinda, unanyoosha ramani yote nyuma. Roboti inafanya hivyo kwa kamera au kwa miale ya leza, mara nyingi kwa sekunde. Sehemu ya chini ya daraja refu ni mbaya kwa hilo, nguzo zinafanana kama mapacha, roboti inaweza kuapa imerudi nguzo ya tatu kumbe iko ya saba.

Ulipopikwa ujuzi huu hadharani ni kwenye shindano la chini ya ardhi la DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, lililoanza 2018. Fainali ilikuwa Septemba 2021, ndani ya mgodi wa zamani wa Louisville, Kentucky. Giza, moshi, vumbi, mawasiliano yanakatika, roboti zinatafuta vitu zenyewe. Timu mbili zilifungana kwa pointi 23 kila moja! CERBERUS, iliyoongozwa na Kostas Alexis, ilishinda kwa kigezo cha nani alipata pointi ya mwisho mapema, ikabeba dola milioni 2. Waliokosa kwa unywele ni CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia. CERBERUS walitumia roboti za miguu minne, ANYmal, zilizozaliwa chuo cha ETH Zürich, Uswisi, pamoja na droni. Roboti hizo ndizo leo utazikuta zinazunguka viwandani zikisoma geji na kusikiliza mashine.

Wengine: Davide Scaramuzza, Chuo Kikuu cha Zürich, amefanya kazi kubwa sana ya droni kujitambua kwa kamera. Mwaka 2022 droni yao Swift iliwashinda mabingwa watatu wa mbio za droni, binadamu wa kweli. Skydio ilianzishwa 2014 na vijana watatu kutoka chuo cha MIT, Marekani, akiwemo Adam Bry, na droni zao ndizo zilizofanya hata rubani wa kawaida athubutu kusogea karibu na chuma. Na Gecko Robotics ya Pittsburgh, ya Jake Loosararian: roboti za sumaku zinazopanda ukuta wa boila zikipima unene. Yeye alianza akiwa mwanafunzi, akaenda kwenye mtambo wa umeme uliokuwa unazimika kila mara kwa sababu ya mabomba ya boila kuvuja. Ile ndiyo iliyompa biashara, bomba linalovuja.

Wanasoma nini? Hesabu za uwezekano, aljebra ya matriki, programu. Ukitaka njia hiyo, nenda, ni njia ya heshima. Lakini kijana, wewe uliniambia unataka *kukagua*. Hiyo ni njia nyingine. Soma jinsi zege linavyokufa, jinsi mshono wa kuchomelea unavyopasuka, pata cheti cha vipimo visivyoharibu kinachopimwa. Kurusha utajifunza kwa miezi mitatu.

Pwani Ramani

Naomba kuchomekea. Mimi nilipitia mradi wa ramani za Zanzibar ulioanza 2016, ambapo wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa kule Zanzibar, walirusha droni Unguja na Pemba yote, zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Baada ya pale wengi tulijiona tumeshaiva kwa kazi yoyote ya droni. Nikachukua kazi ya kukagua paa la ghala kwa mtindo uleule wa ramani, juu kwa juu. Picha nzuri mno. Mvua ya kwanza ghala likavuja, maana matatizo yalikuwa kwenye mikunjo ya pembeni ambayo ukiwa juu huioni. Mpima Nyufa anasema kweli, ramani ni kazi nyingine na ukaguzi ni kazi nyingine.

Kamba na Helmeti

Wakuu naomba mnisikilize na mimi. Mimi ni mpanda kamba, nimeshuka kwenye madaraja na minara miaka 14. Kila mwenye droni anayekuja saiti anamwambia bosi "hutahitaji tena wapanda kamba." Tumepunguzwa kutoka 9 mpaka 4. Kisha droni ikiona kitu chenye utata, wananipigia simu mimi nikashike. Kwa siku moja. Malipo ya siku moja. Zamani nilikuwa nashuka wiki nzima na ndiyo niliyokuwa nalipia ada ya shule. Hilo kwenye uzi wako sijaliona.

Mpima Nyufa

Hujaliona kwa sababu sikuliandika, na nilipaswa. Sina jibu la ada ya shule, mkuu, na sitakudanganya. Nami ni mmoja wa waliokuja saiti na sentensi hiyo, miaka ya mwanzo, kupata kazi.

Ninachojua ni hiki. Japani, tarehe 2 Desemba 2012, dari la handaki la Sasago lilianguka juu ya magari, watu 9 wakafa. Boliti zilizoshikilia dari zilikuwa zimelegea ndani ya zege. Kipimo cha kulijua hilo ni nyundo: unagonga, unasikiliza, kigumu kinalia hivi, kilicholegea kinalia vingine. Ikaja kujulikana kwamba nyundo hazikupita kwenye boliti zile za juu miaka mingi. Tangu 2014 Japani waliamuru kila daraja na kila handaki likaguliwe kwa karibu, kila miaka mitano, na 2019 ndipo walipolegeza kidogo, ukaruhusiwa kutumia droni au roboti pale inapoleta matokeo sawa na ya mtu aliye karibu. Marekani nao, kwa vile vipande ambavyo kimoja kikikatika daraja linaanguka, mkaguzi lazima afike umbali wa mkono. Droni peke yake haihesabiki. Kwa hiyo mkono wako bado umo kwenye sheria za wenzetu. Kwenye mikataba yetu huku ndiko haumo, na hapo tunapaswa kupaza sauti sisi wenye droni, maana sisi ndio tunaosikilizwa na mabosi siku hizi.

Waswisi wengine, Voliro, wametengeneza droni inayoegemeza kipimo cha mawimbi ukutani ikiwa angani. Nimeona ikifanya kazi kwenye bomba la moshi. Inagusa, kweli. Lakini inapima pale inapoelekezwa. Nani anaielekeza?

Kamba na Helmeti

Angalau umekiri. Wengi huwa wanakimbia swali. Kuhusu kuelekeza: mimi nikishuka kwenye chuma, kabla sijaona chochote nasikia kwa buti. Boliti iliyolegea inatetemeka tofauti lori likipita. Sijui utaweka wapi hiyo kwenye droni.

Binti Laini

Kamba na Helmeti, kwetu tulifanya hivi: aliyekuwa anapanda nguzo ndiye anakaa na mimi kwenye gari akitazama skrini, tunalipwa mimi na yeye. Yeye hajui kurusha na hataki. Ananiambia tu "rudi, shuka, hapo, piga hapo." Viungo tunavyokamata vimeongezeka sana tangu awe kwenye gari. Bosi alikataa mwanzo, tukampelekea ripoti mbili za laini ileile, yangu ya peke yangu na ya sisi wawili, akasoma akanyamaza.

Chipukizi wa Kyela

Nimewaelewa. Swali la mwisho. Wiki ijayo nimepata kazi yangu ya kwanza, daraja dogo la barabara ya halmashauri, zege, spani mbili, yaani vipande viwili kati ya nguzo na nguzo. Kibali cha kazi hii nimeshaomba TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Nibebe nini?

Mpima Nyufa

Nenda siku moja kabla, bila droni. Shuka chini ya daraja mwenyewe, kaa robo saa, malori yapite. Angalia maji yanatorokea wapi, maana kutu inafuata maji. Tazama pale boriti zinapokalia nguzo, na kwenye miguu ya nguzo kama mto umechimba. Tafuta wanaokaa karibu, mama ntilie, wavuvi, mafundi baiskeli, uwaulize ni lini daraja lilianza kulia au kutikisika. Andika kila kitu kwenye daftari, sehemu 10 unazozitilia shaka. Kesho yake ndipo urushe, uende kwenye sehemu hizo 10 kwanza betri zikiwa zimejaa, mita moja na nusu, lenzi ya kuvuta, kila picha ikiwa na rula au alama ya kipimo. Mengine ndiyo upige kwa jumla.

Na nyundo. Ndogo, ya gramu 300 hivi. Nikitoka kazini jioni nakurekodia sauti ya zege zima na ya zege lililoachia, nikubandikie hapa usikilize kabla hujaondoka.

Kamba na Helmeti

Usimrekodie kwa simu, simu inakata sauti za chini. Kijana, daraja liko upande gani? Kama ni Kyela kweli, mimi niko Mbeya mpaka mwisho wa mwezi.